Kufuata Robota, Kutoka Kilindini Hadi Toi

Anayevuka Likoni kwa feri asubuhi huwa na mambo yake ya kuangalia: mkoba usifunguliwe, mkokoteni wa nazi usimgonge visigino, na apate pa kusimama penye hewa. Wachache hugeuza shingo upande wa bandari, zilikosimama kreni za Kilindini zikipakua makontena mchana na usiku. Ndani ya baadhi ya makontena hayo mna mashati ya watu wa Leeds, jinzi za watu wa Toronto na fulana za mbio za hisani zilizofanyika katika miji ambayo hakuna abiria wa Likoni aliyewahi kuisikia. Mwaka 2019 Kenya iliingiza takriban tani 185,000 za mitumba, mzigo wa kujaza makontena kama 8,000. Yagawe kwa siku za mwaka, utapata zaidi ya 20 kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo.

Nilikuwa na safari ya Nairobi. Nikaona heri nizifuate nguo hizo huko ziendako, mpaka pale zinapoishia.

Treni ya haraka huondoka Miritini saa tisa alasiri, kwa hiyo asubuhi ilikuwa yangu. Nikaipeleka Biashara Street, mtaa wa leso. Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo wengi hulijua kwa chapa yake ya Mali ya Abdulla, lipo tangu 1887, na bado mtu huingia humo akatoka baada ya nusu saa na kitambaa kimoja tu. Mama mmoja wa buibui alikuja na bintiye kutafuta leso ya kumpelekea mkaza mwanawe aliyejifungua. Muuzaji akamkunjulia moja. Mama akatazama pindo, akatazama mji, kisha akainama kusoma jina. Akacheka.

“La, hii siyo. Ataona namsema.”

“Haya mama, tazama hii,” muuzaji akasema, wala hakushangaa. “Maneno yake baridi.”

Mama akaisugua kwa kidole gumba na cha shahada kujua ni wanga au ni pamba. Akauliza: “Yachuja hii?” Akaambiwa haichuji, lakini mara ya kwanza aifue kwa maji ya chumvi. Bintiye akaulizwa maoni, akatoa, yakapuuzwa. Doti ikalipwa, ikapelekwa kwa fundi wa cherehani aliyekaa nje barazani, ikakatwa vipande viwili na kupindwa. Leso hainunuliwi ikavaliwa hapo hapo. Lazima ipite mikono mingine kwanza.

Sisemi haya kusifu enzi zilizopita. Leso nyingi za leo zinachapwa India na China, na chini ya buibui la mama yule huenda kulikuwa na blauzi ya mtumba wa Kongowea. Nilichokitia akilini ni ile nusu saa.

Safari ya treni yenyewe wengi wanaijua, na waliokuwa upande wangu walilala mapema. Tsavo hupitwa juu ya tuta refu, ndovu wekundu wakiwa chini kama hawaoni kitu. Voi, Mtito Andei, Emali. Baadaye, kabla ya Nairobi, taa za Athi River huanza kuonekana, na hapo ndipo nilipokaa wima.

Athi River kuna eneo la EPZ, viwanda vinavyotengeneza bidhaa za kuuzwa nje, vilivyotokana na sheria ya mwaka 1990. Ulipokuja mpango wa AGOA mwaka 2000, ulioruhusu nguo za Afrika kuingia Marekani bila ushuru, maelfu ya vijana, wengi wao wanawake, waliajiriwa humo kushona suruali za jinzi na mashati ya maduka ya Kimarekani. Sheria ya EPZ hairuhusu mzigo mwingi kuuzwa ndani ya nchi. Kwa hiyo suruali inaweza kushonwa na dada wa Athi River, ikateremshwa Mombasa, ikavuka bahari mbili, ikavaliwa msimu mmoja Ohio, ikatumbukizwa kwenye sanduku la hisani, ikachambuliwa, ikafungwa robota, ikarudi Kilindini na kupita tena Athi River usiku, juu ya behewa la mizigo, ikienda kuuzwa kwa dada wa yule aliyeishona. Sina suruali moja ninayoweza kuithibitishia mzunguko huo wote. Lakini katika njia hiyo hakuna kituo hata kimoja ambacho ni cha kubuni.

Kati ya sanduku la hisani na Kilindini kuna kazi ambayo mnunuzi wa Nairobi haioni. Nguo zinazotolewa bure Ulaya na Amerika Kaskazini huuzwa kwa kilo kwa kampuni za uchambuzi. Zilizo bora hubaki huko huko, kwenye maduka ya hisani na ya nguo za zamani. Zinazofuata husafirishwa, nyingi zikipitia vituo vya kuchambua vya Sharjah, Karachi na Kandla huko Gujarat, ambako wafanyakazi huzitenga kwa aina, kitambaa na ubora kwa kasi isiyoruhusu kufikiri. Siku hizi China nayo, iliyokuwa ikisifika kwa nguo mpya tu, imekuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mitumba inayoingia Kenya. Watu wa huko nao wamejifunza kununua na kutupa.

Robota la kawaida lina kilo 45. Hukandamizwa kwa mashine hadi likawa gumu kama tofali, likafungwa kwa plastiki na mikanda, na kubandikwa karatasi ya kutaja kilichomo: blauzi za pamba, fulana za wanaume, nguo za watoto za kuchanganya. Robota la fulana nyepesi huweza kuwa na zaidi ya 200.

Gikomba inataka ufike kabla ya jua. Soko hili, ambalo husemwa kuwa kubwa kuliko yote ya mitumba Afrika Mashariki, limebanwa kati ya Pumwani, Kamukunji na Mto Nairobi, na lina mitaa yake ya viatu, ya mapazia, ya shuka, ya mbao na ya samaki. Kila baada ya muda huungua. Moto wa Juni 2018 uliua watu 15, na vibanda vikasimamishwa tena kabla majivu hayajazolewa. Njia ni nyembamba kiasi kwamba mbebaji mwenye robota mgongoni hasemi samahani. Hupiga mluzi, nawe unajibana ukutani.

Mwenye kununua robota haruhusiwi kulifungua kabla ya kulipa. Anaitazama karatasi yake, analinusa, anabonyeza pembeni kwa kidole, anauliza limetoka nchi gani, anakumbuka la mwezi jana kutoka kwa msambazaji huyo huyo lilikuwaje. Kisha analipa maelfu ya shilingi na kuomba Mungu. Nilimkuta mfanyabiashara mmoja, mama wa makamo mwenye aproni yenye mifuko minne, akilikata robota lake la blauzi. Kabla mkanda wa pili haujakatika, wanawake wengine walikuwa wamemzunguka, mikono tayari. Hao huja kuchagua zile bora kabisa, zinazoitwa kamera, na hulipa bei ya juu kwa haki ya kushika wa kwanza. Zikiondoka hizo, bei inashuka. Kufikia adhuhuri inashuka tena. Jioni kinachobaki ni fagia, rundo la shilingi 20 au 10, na anayelinunua rundo lote hupunguziwa zaidi.

Siku ile robota halikuwa zuri. Mama alizitoa blauzi moja moja akizirusha pande mbili, na upande wa kushoto ulipanda haraka kuliko wa kulia. Nyingine zilikuwa na madoa ya jasho, nyingine vifungo vimekwisha. Moja ilikuwa mpya kabisa, na lebo ya bei ya duka bado imening’inia kwenye kwapa. Ilikuwa nyembamba hivi kwamba ungeweza kusoma gazeti kupitia mgongo wake.

“Zamani ulikuwa unapata pamba,” alisema bila kuinua kichwa. “Sasa ni plastiki tupu. Ukifua mara mbili imekuwa ya mtoto.”

Kando yake, kwenye kibanda cha jinzi, nilimwona mnunuzi ambaye angefaa kufundisha chuo. Alikuwa kijana wa kike, labda karani wa ofisi, maana alivaa kitambulisho shingoni na alikuwa akichungulia saa. Aliichukua suruali, akaipindua ndani nje. Akapitisha kidole kwenye mshono wa mapajani, unapoanza kulika. Akavuta zipu juu na chini mara tatu. Akaiinua kwenye mwanga kutafuta pale kitambaa kilipokonda. Akainusa. Kisha akakizungusha kiuno cha suruali shingoni mwake. Ncha mbili zikakutana sawasawa nyuma ya shingo, na hivyo akajua itamtosha bila kuvua hata kiatu. Muuzaji akasema mia nne. Yeye akasema mia mbili na hamsini. Wakati wanavutana, alikuwa bado anakagua kifungo.

Hapo ndipo nilipoanza kuona jambo ambalo sikulitarajia. Tumezoea kuambiwa na wataalamu wa Ulaya kwamba tununue kwa uangalifu, tujiulize kama nguo itadumu, tutazame kitambaa na mshono. Ushauri mzuri. Lakini katika mzunguko huu wote wa nguo, mtu pekee niliyemwona akifanya hivyo kikamilifu ni yule wa mwisho, mwenye pesa kidogo kuliko wote. Wa kwanza, aliyeinunua ikiwa mpya, hakuwa na sababu ya kuikagua: bei ilikuwa ndogo mno kumstua. Taasisi ya Ellen MacArthur ilikadiria mwaka 2017 kwamba utengenezaji wa nguo duniani uliongezeka takriban maradufu ndani ya miaka 15, na kwamba chini ya asilimia moja ya malighafi ya nguo hurudi kuwa nguo mpya. Bei hiyo ndogo nayo ina wenyewe walioilipa. Jengo la Rana Plaza lilipoporomoka nje ya Dhaka tarehe 24 Aprili 2013, lilikuwa na viwanda vya kushona nguo za maduka ya Ulaya na Amerika Kaskazini, na watu 1,134 walikufa.

Uangalifu wa karani wa Gikomba hauwezi kufuta uzembe uliofanyika maili elfu sita kutoka pale. Yeye huokota iliyo nzima. Isiyo nzima haimfuati nyumbani, na haina pa kurudi.

Ukipita nyuma ya vibanda hadi ukingoni mwa Mto Nairobi, unakanyaga nguo. Ardhi inabonyea. Ni tabaka juu ya tabaka la vitambaa vilivyoshindiliwa na tope, mikono ya sweta ikitokeza kwenye ukuta wa mto pale maji yalipoumega. Chini yake maji meusi yanapita na soksi. Ripoti ya Greenpeace ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba kati ya asilimia 30 na 40 ya mitumba inayoingia haina thamani ya soko. Mwaka uliofuata shirika la Changing Markets lilisema Kenya hupokea vipande karibu milioni 900 kwa mwaka na kwamba huenda hadi nusu ni taka. Ukichukua hesabu ya watu ya 2019, iliyopata Wakenya milioni 47.6, hivyo ni vipande 19 kwa kila mtu, mtoto mchanga pamoja na mzee. Waagizaji wa mitumba huzipinga takwimu hizi kwa hasira, na hoja yao ina mantiki: nani atatoa pesa yake, alipe na ushuru, anunue taka? Jibu nililiona kwa yule mama wa aproni. Anayelipa kabla ya kufungua hununua anachouziwa. Ninaamini asilimia kamili ni ya kubishaniwa. Ukingo wa mto haubishaniwi.

Zisizoingia mtoni huchukuliwa na malori hadi Dandora. Jalala hilo lilifunguliwa 1975 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Malori hayajaacha kwenda. Kutoka barabarani unaona kilima chenye moshi, ndege wakubwa wa marabou wamesimama kama mawakili kwenye korido ya mahakama, na watu wenye magunia wakichambua chupa, vyuma, mifupa. Nguo ndizo wanazoziruka. Kijana mmoja anayekusanya plastiki alinieleza bila kuulizwa sana: chupa ina mnunuzi, karatasi ina mnunuzi, hata nywele bandia zina mnunuzi, lakini blauzi iliyochanika hakuna anayeitaka. Na kwa kuwa nyingi ni polista, ambayo hutokana na mafuta ya petroli, zikishika moto huyeyuka na kutoa moshi ambao walimu wa shule za jirani wanaujua vizuri kuliko mimi.

Serikali zimejaribu. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019, ili viwanda vya nguo vifufuke. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Chama cha Marekani cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu, SMART, kikalalamika kwa serikali yake. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza kamba, Rwanda ikakataa, na Julai 2018 Marekani ikaondoa nafuu ya ushuru kwa nguo za Rwanda. Kenya ilikuja kuifunga mitumba kwa miezi michache mwaka 2020 kwa sababu ya korona, kisha ikaifungulia Agosti. Katika miezi hiyo Gikomba haikununua nguo za kiwanda cha Rivatex cha Eldoret wala leso za Mombasa. Iliuza akiba yake kwa bei ya juu, na maduka ya Eastleigh yakauza nguo mpya za bei rahisi kutoka China. Marufuku ilizuia robota tu; tamaa ya kununua ilibaki pale pale.

Na tamaa hiyo inalishwa vizuri. Kila Novemba Nairobi hujaa mabango ya Black Friday, sikukuu ya maduka inayofuata sikukuu ya Wamarekani ya bata mzinga ambayo hakuna Mkenya anayeila. Kampuni za kuuza mtandaoni zilituletea Ijumaa bila Alhamisi yake. Tangu Januari 2019 kuna Fuliza, inayomruhusu mwenye M-Pesa kulipa hata salio likiwa limekwisha, na wengi hutumia njia hiyo kwa unga na nauli, mambo ya lazima. Lakini katika matatu ya kurudi mjini kutoka Dandora, wasichana wawili mbele yangu walikuwa wakitazama kwenye simu video ya mtu anayefungua mfuko wa nguo alizoagiza China, moja baada ya nyingine, akizirusha kitandani kama yule mama wa aproni alivyozirusha chini. Mmoja akasema gauni lile la njano ni la bure kabisa. Mwenzake akauliza, “Utalivaa wapi?” Hakujibiwa. Oda ikatumwa kabla hatujafika Muthurwa.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Toi, upande wa Kibera unaoelekea Ngong Road. Nguo za kamera huishia hapa. Zimefuliwa, zimepigwa pasi ya makaa na kutundikwa kwenye henga kwa mpangilio wa rangi, na wauzaji vijana huzipiga picha kwa wateja wa mtandaoni ambao hawatafika hata siku moja, bodaboda hupeleka. Bei ni mara tatu au nne ya Gikomba, na pengine ni sawa, kwa kuwa aliyeichagua amekwisha kufanya kazi ya macho kwa niaba yako.

Nyuma ya mistari hiyo wamejipanga mafundi na cherehani zao za mguu. Marobota ya Amerika huja na mashati ya watu wenye miili mikubwa, na mafundi hawa huyapunguza, huyafanya magauni ya watoto, hugeuza mapazia kuwa sketi, huhamisha zipu kutoka kwenye jaketi lililokufa kwenda kwenye lililo hai. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mmoja wao alipokuja kijana na koti la sufu, zito, la rangi ya kijivu, la kushonwa kwa mkono kwenye ukosi. Bitana la ndani lilikuwa limechanika lote.

“Fundi, nibadilishie bitana.”

Fundi akalipindua, akalipima kwa jicho. “Mia nane.”

“Mia nane! Koti lenyewe nimenunua mia mbili.”

“Basi nunua lingine la mia mbili,” fundi akasema, akarudi kwenye kazi yake. Hakukasirika. Alikuwa amesikia maneno hayo asubuhi hiyo hiyo, kuhusu mkoba.

Huo ndio ugumu wenyewe, na sioni ushauri wa gazeti unaoumaliza. Kitambaa, vifungo na kazi ya mshonaji wa mwanzo vimeshuka hadi shilingi 200, lakini saa tatu za fundi wa Toi, kodi ya kibanda chake na bitana jipya haviwezi kushuka hadi hapo. Anayetengeneza hutoa pesa nyingi kuliko anayetupa. Kampuni ndogo za Nairobi zinazofanya mazulia na mikoba kwa nguo chakavu, kama Africa Collect Textiles, hupambana na hesabu hiyo hiyo kila siku.

Kijana alisimama pale akilishika lile koti. Alilivaa, akalivua. Akagusa sufu ya begani, akatazama ukosi, akauliza kama mia sita haiwezekani. Fundi akasema mia saba, na bitana la satini lisilotatuka. Kijana akatuma mia tatu na hamsini kwenye till kama malipo ya mwanzo, akaambiwa arudi Ijumaa.

“Ijumaa ya kweli au Ijumaa ya fundi?”

“Njoo Jumatatu,” fundi akasema.